Mlingoti Uliochomwa Mguu

Mume wangu alizaliwa kando ya Ziwa Victoria, kazi ya useremala ikamleta Katesh, akanikuta mimi, akabaki. Hilo la kubaki baba yangu hakuliamini hata siku moja. Dada yangu mkubwa naye aliolewa na mtu aliyesema atabaki. Leo yuko Tabora, na wanawe wakipiga simu wanamwamkia babu yao kama wanavyomwamkia mwalimu mkuu. Kwa hiyo mume wangu alipoanza kuunda mashua uani kwetu, kwenye mji ambao maji yake hutoka bombani, tena yakijisikia, baba alielewa jambo moja tu. Huyu anajiandaa kuondoka na binti yangu na wajukuu zangu.

Mashua yenyewe ilikuwa ya kuvulia ziwa la Basotu, humu humu Hanang. Wenzake kule wanatumia mitumbwi ya kasia, yeye akataka yenye tanga. Nikamwambia, baba watoto, makabati ya watu hayajaisha na wewe unaunda mashua. Akanijibu kwamba makabati hayaelei. Nilicheka, ingawa nilikuwa nimekasirika kweli kweli. Ndivyo alivyo huyu mwanaume, ananiharibia hasira zangu.

Kilichomkwamisha ni mlingoti, ile nguzo ya kutwekea tanga. Alinieleza nikiwa nachambua maharage kwamba kuna namna mbili za kuusimamisha. Ya kwanza, unatoboa sitaha, zile mbao za juu upande wa mbele, unaushusha mlingoti mpaka chini kabisa ukakae juu ya mkuku, ule mti mrefu ulio uti wa mgongo wa mashua. Huo hautikisiki, lakini siku ya kuung'oa utaita wanaume. Ya pili, unausimamisha juu ya sitaha, unaufunga kwa kamba pande zote, na chini ya sitaha unakingamisha boriti nene ya kubeba uzito. Huo mtu mmoja anaweza kuulaza. Ukiulaza, mashua inapanda lori, inakwenda popote. Jioni tukila ugali, kwenye simu yake kulikuwa na wazungu wanabishana juu ya jambo hilo hilo, na kwa kweli hawakuonekana kukaribia kuelewana.

Baba alikuja kutoka kijijini kwetu Nambis kutusalimia. Nyonga yake iliharibika zamani, mguu wa kulia haukunjiki, kwa hiyo kwenye basi hukaa upande upande na kugombana na utingo. Mume wangu alimwamkia, shikamoo baba, naye akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwenye mashua.

"Nguzo yake inafika chini?"

"Bado sijaamua, baba."

"Nguzo haiamuliwi, mkwe wangu. Nguzo inachimbiwa."

Kisha akanifuata jikoni na kuniambia taratibu, "Siku ukiona ameiweka juu, mwanangu, anza kufunga mizigo."

Nilimjibu kwamba mimi si mbuzi wa kuswagwa. Lakini neno lile liliniingia. Nilimpenda baba, na nyumba yetu ya Katesh nilikuwa nimeizoea, na kule kwao mume wangu sikumjua mtu. Nikamwuliza mwenyewe waziwazi, unatupeleka kwenu? Akasema, "Mimi natengeneza mashua." Hilo ni jibu gani? Siku hiyo alikula kiporo, na hakuuliza kwa nini.

Baba alirudi Nambis, na haikupita muda akaja tena, safari hii na pikapu. Alikuwa amekata mkaratusi kwenye shamba lake mwenyewe, ulionyooka, ameumenya na kuukausha. Aliukata mrefu makusudi, ili ufike chini. Na mwisho wake ule mnene ulikuwa mweusi kama chungu, kwa sababu alikuwa ameuchoma. Kwetu Nambis nguzo ya nyumba huchomwa mguu kabla ya kuingia ardhini, mchwa wasiile. Baba aliona nguzo ni nguzo.

Nilimtazama mume wangu. Mchwa, ziwani? Nilijua akicheka tu, nitachukua upande wa baba na vita itakuwa kubwa. Hakucheka. Alipiga magoti, akapitisha kiganja pale penye weusi, akasema, "Asante baba. Hii hailiwi." Nakiri nilimpenda upya.

Siku ya kuishusha mashua tulikwenda Basotu sote. Mume wangu alitangulia alfajiri na lori, mimi na baba tukafika jua limeshapanda. Mlingoti ulikuwa umesimama tayari, na ulikuwa umesimama juu ya sitaha. Alikuwa ameupunguza upande wa juu, mwembamba, na ule mguu mweusi akauacha kama ulivyo, kila mtu anauona. Kamba zimeukaza huku na huku. Baba aliegemea fimbo yake.

"Umeiweka juu," alisema.

"Nimeiweka juu, baba."

"Ya kulaza."

"Inalazwa, ndiyo."

Nilishafungua mdomo, na yaliyokuwa yanakuja hayakuwa mazuri. Mume wangu akanitangulia. "Baba, ingia kwanza, tafadhali."

Baba hajui kuogelea, na majini alikuwa hajawahi kuingia zaidi ya kuvuka mto. Wavuvi wawili walimshika mikono. Ndani ya mashua, nyuma tu ya sitaha, kulikuwa na kiti chenye egemeo, kimepigiliwa kwenye mbao. Akakaa. Ule mguu usiokunjika ukaenda mbele wote, ukapita chini ya sitaha, ukanyooka pale pale ambapo mlingoti ungeshukia. Nilikuwa sijamwona baba yangu amekaa vizuri hivyo kwa muda mrefu.

"Ingeshuka hapa," mume wangu alisema, akigusa mbao kando ya goti lake. "Huu mguu ungeuweka wapi?"

Baba aliutazama mguu wake. Mtu mkaidi, bado hakuridhika.

"Na ukihama nayo?"

"Kiti nimekipigilia, baba. Nikihama na mashua, nahama na mwenye kiti."

"Mimi sihami Nambis."

"Basi nayo haihami."

Nililia pale pale mbele ya wavuvi, wala sikuona haya. Baba hakunitazama. Alishika kingo za kile kiti kwa mikono yote miwili, maana maji alikuwa anayaogopa bado, akasema, "Haya, sukumeni."