Mafundo ya Mierezi ya Chekechea

Wifi yangu Chizuru kazi yake ni kununulia mji mzima. Chaki, saruji, matairi ya gari la zimamoto, karatasi za chooni, vyote vinapitia mezani kwake pale halmashauri. Nimekaa naye nyumba moja tangu nilipoolewa na kaka yake, kwa hiyo nikisema ana kichwa kigumu, nasema ninachokijua. Hata tofu ya soya ninayouza dukani kwangu huikagua kabla ya kuila, utadhani nimeomba zabuni ya kumlisha.

Mwaka ule alishikilia jambo moja tu: chekechea mpya ijengwe kwa mierezi ya milima yetu wenyewe. Madiwani wakakubali shingo upande. Mbao za nje zinafika zimeshakauka, zetu lazima zikatwe wakati wa baridi kisha zikaushwe mwaka mzima. Chizuru akasema basi, halmashauri inunue miti kwanza, mkandarasi atatafutwa baadaye. Wakamjibu sawa, ila bajeti ikifungwa Machi bila magogo ya kutosha, tunaagiza za nje. Na mwenye kiwanda cha kupasua mbao, cha mwisho kilichobaki bondeni kwetu, alishasema wazi kwamba akiikosa kazi hii anazima misumeno.

Tangazo likatoka. Kimya. Milima imejaa mierezi mpaka chavua yake inatutoa makamasi kila mwaka, halafu hakuna wa kuuza hata gogo! Chizuru akapita nyumba kwa nyumba. Wakamkaribisha chai, wakampa achari ya figili, wakasema watafikiria. Kwetu mtu akikwambia atafikiria, vaa viatu vyako uende zako.

Aliyemwambia ukweli ni mzee Kuwabara, na yeye ndiye peke yake mwenye miti mirefu ya kutosha boriti za ukumbi.

"Mwanangu, miti yangu ina mafundo," alisema. "Baba yangu aliuza mbao safi, hazina hata doa. Leo mimi niwawekee watoto wa mji mzima mafundo juu ya vichwa vyao, watu wapite wakinisema?"

Kumbe ni aibu! Mwerezi ukipogolewa matawi ungali mchanga, mbao yake hutoka safi; usipopogolewa, kila tawi linaacha fundo. Bei ilipoanguka watu walikwenda mijini kutafuta riziki, wala hakuna aliyebaki kupogoa. Chizuru akamweleza kwamba halmashauri inapima nguvu, haipimi uzuri. Mzee akamjazia tena chai tu.

Mimi nilichemka. Mji ukose kiwanda kwa sababu ya matawi? Lakini Chizuru alikuwa ameshapanda mlimani kwenye shamba la miti la babu yao, ambalo lilitelekezwa kuliko yote, akachagua mwerezi mbaya kupita wenzake. Kwa kuwa yeye ndiye mnunuzi, hakuruhusiwa kuiuzia ofisi yake, basi akautoa bure. Mume wangu alinuna siku nzima. Kisha Chizuru akaalika bonde lote kiwandani kuja kutazama mwerezi ule ukipasuliwa, na mimi nikapeleka tofu za kukaanga.

Ubao wa kwanza ukaanguka. Jamani, mafundo! Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Bibi mmoja akauliza kama ubao ule unaugua tetekuwanga.

Chizuru akainama kwa heshima zote. "Unaugua, bibi, lakini mti wake ulipimwa nguvu ukafaulu. Wa kwenu ukoje?"

Bibi akasema wake una nafuu kubwa. Jirani yake akadai wake ni bibi harusi ukiuweka karibu na huo. Wakaanza kubishana nani ana mti wenye nafuu, na kabla tofu hazijaisha, wengi walikuwa wameshajiandikisha kuuza.

Mzee Kuwabara peke yake hakucheka. Alisimama akiupapasa ubao kwa kiganja, kisha akaondoka bila kuaga. Na bila boriti zake yote yale yalikuwa kazi bure.

Kesho yake asubuhi akaja dukani kwangu. Chizuru alikuwa anakunywa supu yake ya miso kabla ya kwenda kazini.

"Boriti zangu zichukue," mzee akasema. "Lakini zisifichwe na dari."

"Mzee, si ulisema ni aibu?" Chizuru akauliza.

"Nilisema. Lile fundo ni tawi ambalo nilipaswa kulikata. Sikuwapo. Nilikuwa Osaka namwaga zege ili wanangu wasome. Nikiyaonea haya mafundo, si nitakuwa nawaonea haya wanangu?"

Chizuru akaweka bakuli chini akalia, na mimi nikalia, huku wateja wamesimama mlangoni.

Mwaka ukapita, mbao zikakauka. Siku boriti zilipopandishwa, mji mzima ulijaa chini kudaka mochi, keki ndogo za mchele ambazo kwetu hurushwa kutoka juu siku kama hiyo. Mzee Kuwabara alikuwa huko juu, anarusha kwa mkono mmoja, wa pili unaonyesha mafundo kwenye boriti.

"Fundo hili ni la binti yangu Yoriko, alipoingia chuo cha uuguzi! Na hili kubwa ni la Kensaku, alirudia darasa huyo!"

Watu wakaangua kicheko. Kensaku, mwanawe, mwenye mvi sasa, alikuwa amesimama kando yangu akitazama juu, na mochi zikampita zote asidake hata moja.