Amana ya Miguu Mitatu

Daktari wa mifugo aliniambia mambo matatu, nami nikayasikia nusu, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye mshono. Mimi ni fundi cherehani. Ukiniwekea uzi mbele ya macho, masikio yanafunga duka. Alikuwa amemkata mbwa mguu wa nyuma wa kulia juu kabisa, pajani, na kilichobaki ni kigutu kilichonyolewa manyoya, na nyuzi nyeusi zimepita juu yake. Nilizihesabu, zilikuwa kumi na moja. Wa sita ulikuwa umekaa upande kidogo, kama kazi ya mwanafunzi, na nusura nimwambie afumue arudie.

"Mama, unanisikia?"

"Nakusikia, daktari."

"Nimesema nini?"

"Umesema asilambe."

"Na nini tena?"

Macho yangu yakarudi kwenye uzi wa sita. Akarudia taratibu, kama anayesema na kiziwi: asilambe kidonda, asirukeruke, apewe vidonge asubuhi na jioni mpaka siku ya kumi na nne, siku ya kutoa nyuzi. Kisha akaongeza kwamba yeye huletewa ng'ombe na mbuzi, na mbwa wa kukatwa mguu hakumbuki ni lini alimpata wa mwisho. Sijui kwa nini watu wenye elimu huona lazima waseme kila wanachokijua.

Nilimfunga kwenye khanga, nikapanda naye bodaboda kurudi nyumbani Rusimbi, hapa Kigoma. Alikuwa mbwa mdogo tangu mwanzo, wa kuenea kwenye kapu la sokoni, rangi yake kama karanga za kukaanga. Sasa alikuwa mwepesi zaidi, nami nilikuwa nikiupapasa ule upande usio na kitu kila tulipopita tuta. "Taratibu, baba," nikawa namwambia dereva. Kwenye tuta la nne akaniuliza kama nimebeba mayai.

"Nimebeba amana," nikamjibu.

Na kweli ilikuwa amana. Mbwa hakuwa wangu. Alikuwa wa jirani yangu, mama wa Kirundi aliyeishi ukuta kwa ukuta na sisi miaka mingi, mpaka alipopata habari kwamba mama yake anaumwa huko Burundi. Aliniachia mbwa asubuhi anaondoka, mlangoni kwangu, begi likiwa kichwani. Jina lake sitalitaja, wala la mbwa. Mtaa wetu mdogo na watu wanapenda kesi. Aliniambia, "Nitunzie, dada. Nikirudi nimkute." Sikuwa napenda mbwa. Nilisema ndiyo kwa sababu mtu aliyebeba begi kichwani huwezi kumwambia hapana. Kila Jumapili alinitumia ujumbe wa sauti kwenye simu akimuulizia, nami nilimjibu, "Hajambo kabisa, anakula kuliko mimi."

Sasa nitasema kilichotokea, kwa sababu wakati ule sikukisema. Asubuhi hiyo nilikuwa nimekata vitenge vya sare ya harusi, nikavitandaza sakafuni tayari kwa kuviunga. Nikatoka kuchukua pasi. Niliporudi nikamkuta mbwa amelala katikati ya gauni la mama wa bibi harusi, na matope yake ya barabarani. Nilivua ndala ya kulia nikamrushia. Haikumpata. Mpaka leo najiambia haikumpata, kana kwamba huo ni utetezi. Alitoka mbio mlangoni, akavuka baraza, akaingia barabarani, na pikipiki ilikuwa inateremka. Dereva alianguka, akainuka, akaomba radhi sijui mara ngapi, na ni yeye aliyembeba hadi kwa daktari wa mifugo. Watu wakamsema sana kwa mwendo wake. Mimi nilisimama pale na ndala moja mguuni, nikaacha asemwe.

Mama yangu mzazi, ninayeishi naye, ni mtu wa Ujiji, wa swala tano, na kwake mbwa hapiti kizingiti. Alinipokea barazani, akatazama khanga, akatazama kilichomo.

"Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa," akasema.

"Najua, mama."

"Lakini amana nayo haitupwi. Mweke huko huko kwenye cherehani. Huku ndani asivuke."

Chumba changu cha kushonea kina mlango wake wa barabarani, na ndicho alichopewa. Nilimtandikia gunia kati ya meza ya kukatia na ukuta, nikazungushia viti viwili asirukeruke. Mama akaleta kopo la udongo safi akaliweka kando ya ndoo ya maji nje ya mlango. Mate ya mbwa yakikugusa unaosha mara saba, moja kwa udongo, na mimi nilikuwa nikiguswa kutwa. Nilinawa mpaka vidole vikakauka na uzi ukawa unaninasa kwenye ngozi.

Hofu yangu ilikuwa moja: asije akafa mikononi mwangu. Watu wa ziwani huku wanajua kusubiri. Mtu anakwenda na boti, mtandao hakuna, mnakaa. Mimi sijaumbwa hivyo. Nilikuwa nashona mstari mmoja, nainuka, nainama kutazama kama tumbo linapanda na kushuka. Nashona mwingine, nainuka. Akilala kimya nilimgusa aamke. Akiamka akalia, nilijilaumu kumwamsha. Mkono wa gauni la mteja niliuweka nyuma mbele.

Kilichoniumiza zaidi kilikuwa kitu kidogo. Fundi akimaliza mstari huinua mkono na kuvuta uzi. Kila nilipoinua mkono, mbwa alifumba macho na kujibana sakafuni. Hakukimbia, angekimbiaje. Alisubiri tu kipigo. Nikajifunza kukata uzi chini chini, mkono ukiwa mezani.

Siku ya pili alianza kulamba. Nikamshonea fulana kwa kipande cha kitenge kilichobaki, mashimo matatu ya miguu, la nne nimeliziba, kamba za kufungia mgongoni. Ilimkaa vizuri kuliko nguo nyingi nilizowahi kushonea binadamu. Mama alipochungulia akacheka mpaka akashika mlango. "Mwanangu, wateja wanalilia nguo zao, wewe unamshonea mbwa!" Siku mbili nzima hakulamba, na nikaanza kupumua.

Siku ya tano ngozi pembeni ya mshono ikawa kavu, imekaza, inameremeta. Nilimweleza mama kwa kuwa sikuwa na mwingine wa kumweleza. Akasema neno ambalo kila mama wa Kigoma angelisema.

"Mpake mawese."

Msomaji wa mbali asitucheke. Huku kwetu mawese ndiyo kila kitu. Maharage tunaunga kwa mawese, mtoto mchanga tunampaka mawese, kisigino kikipasuka mawese, ukiungua na chungu mawese. Nimekua nayo ngozini. Nilichovya kidole kwenye chupa ya jikoni, nikampaka pole pole kuzunguka kidonda, nikamfunga fulana yake, nikajisifu. Mimi ninayewaonya wateja kila siku kwamba doa la mafuta hupita kitambaa hadi upande wa pili.

Nilikwenda kuteka maji. Si dakika kumi. Niliporudi fulana ilikuwa na tundu upande wa kulia, limetafunwa, na kingo zake nyekundu kwa mawese na kwa kitu kingine. Alikuwa analamba kwa bidii, kama mtoto aliyepewa sahani ya kumalizia. Nyuzi nne hazikuwepo. Kidonda kilikuwa wazi, nikaona ndani, na nilichokiona sitakieleza. Nilipiga kelele. Yeye akafumba macho akajibana sakafuni, akidhani zamu yake imefika.

Kwa daktari nilifika bila hijabu, nimejitupia kitenge cha mteja kichwani.

"Umempaka nini?" akauliza, akinusa.

"Mawese."

"Mama, umemuungia mboga."

Hakucheka, wala mimi sikucheka. Alimlaza tena kwa sindano, akasafisha, akashona upya. Safari hii sikuhesabu nyuzi. Nilikaa nje kwenye benchi nikitazama ziwa chini kule, limetulia, boti zimeegeshwa, na nilikasirika kwamba limetulia. Alipotoka aliniambia kidonda kimeanza kuchafuka, abadilishiwe dawa, na tusubiri siku mbili tatu. "Akianza kula, tutashukuru. Asipokula, nipigie."

Hakula. Siku ya kwanza pua yake ilikuwa kavu na masikio ya moto. Nilimpikia mchuzi wa mgebuka, samaki wa ziwani kwetu, nikamtolea miiba yote, nikamwekea puani. Akageuza uso. Siku ya pili nikamtia maji mdomoni kwa kijiko, nusu yakamwagika. Wateja walikuja nikawarudisha, mmoja akaniambia kwa kejeli kwamba siku hizi nimekuwa hospitali. Nilimjibu vibaya na gauni lake akalichukua halijashonwa. Hasira hasara, nalijua hilo kuliko mtu yeyote mtaani, na bado mdomo wangu hausubiri.

Siku hiyo ya pili ilikuwa Jumapili. Simu ikalia, ujumbe wa sauti. "Amahoro, dada. Mama anaendelea vizuri, Mungu akijalia mwezi ujao nipo. Mtoto wangu hajambo?" Niliusikiliza mara tatu. Sikujibu. Nilikuwa nikiwaza nitasema hajambo, halafu afe jioni.

Alasiri nilikuwa nje kwenye ndoo, nanawa. Mama alikuwa ameketi mkekani akichambua mchele, akanitazama nikihesabu mara ninazonawa.

"Mungu atakulipa kwa huruma hii," akasema. "Mbwa wa mtu, na unavyomuuguza kama umemzaa."

Nilikuwa nimefika kwenye udongo. Nikashindwa kuendelea, mikono imejaa tope. Nikamwambia yote: kitenge, ndala, mlango, dereva aliyesemwa na watu nikiwa nimenyamaza. Nililia, na sikuweza kujifuta machozi kwa mikono ile, yakashuka tu.

Mama hakuacha kuchambua mchele.

"Mwenyewe umemwambia?"

"Bado."

"Basi mimi unaniambia ya nini? Malizia kunawa, zimebaki tatu."

Nikamaliza. Nikaingia chumbani, nikakaa sakafuni karibu na gunia, nikarekodi. Nilifuta mara nne. Ya kwanza nilisema ajali. Ya pili nilisema ajali ya pikipiki. Ya tatu nilieleza sana habari ya sare za harusi. Ya tano nilisema: "Dada, mbwa wako amekatwa mguu na hali yake si nzuri. Nilimrushia ndala kwa hasira, akakimbilia barabarani. Dereva hakuwa na kosa. Kosa ni langu. Halafu nikampaka mawese, akajifumua. Nisamehe." Nikautuma kabla ya mkono kubadili mawazo. Alama zikageuka bluu baada ya kitambo kidogo.

Hakujibu usiku ule wala asubuhi. Jumatatu nilimtafuta yule dereva aliyemgonga mbwa kijiweni kwao, nikamwambia kosa langu mbele ya wenzake. Alikuna kichwa akasema, "Mama, mimi nilishajua. Ulikuwa na ndala moja." Nilirudi nyumbani. Nikamkuta mbwa amelamba mchuzi wa mgebuka robo bakuli, na pua imepata unyevu. Nilimwita mama aje aone. Alisimama kwenye kizingiti chake akasema, "Si nilikwambia, kuugua si kufa," ingawa hakuwa ameniambia.

Jumatano alisimama. Aliegemea ukuta, akayumba, akaanguka, akasimama tena. Simu bado kimya. Nilikuwa nikiitazama kila nilipobadilisha uzi, na nilijiambia ana haki ya kuninyamazia mpaka arudi, na akirudi ana haki ya kunisema mtaa mzima usikie.

Alhamisi nikiwa kwenye cherehani, ujumbe ukaingia. Nilivua ndala bila kujua kwa nini, nikabonyeza. Haukuwa wangu. Hakunitaja kabisa. Lilikuwa jina la mbwa tu, likirudiwa kwa ile sauti aliyokuwa akimwitia chakula, na katikati, "Ngwino, ngwino hano," yaani njoo, njoo hapa.

Mbwa akainua masikio. Akatoka kwenye gunia, akapita kati ya viti viwili vyangu kana kwamba havikuwepo, miguu mitatu, hatua na kuruka, hatua na kuruka, moja kwa moja hadi mlango wa barabarani. Mlango ulikuwa wazi. Pikipiki ikapita. Niliinuka nusu, mkono ukapanda wenyewe, nikaushusha haraka. Sikumwita. Sikuthubutu kutumia sauti yangu. Sauti ya mwenyewe ikaisha simuni, na yeye akasimama kizingitini akitazama barabara, kushoto, kulia, akimtafuta mtu wake.

Alikaa pale muda mrefu. Kisha akageuka, akarudi hivyo hivyo, akapita gunia lake asilitazame. Akaja chini ya cherehani, akanusa ndala zangu zote mbili, akazunguka, akajitupa juu ya hizo ndala na kile kigutu kikaja juu. Akalala.

Nilikanyaga cherehani peku mpaka adhana ya magharibi. Mama akaja kuniambia muda wa swala umefika, akaona miguu yangu kwenye sakafu ya baridi.

"Mbona huna viatu?"

"Vina mwenyewe," nikamwambia.