Sikumziba mtoto mdomo

Leo nimegoma mbele ya bunduki, na bunduki zenyewe za mbao.

Wanafunzi wa chuo cha huku Chimwaga wanatengeneza filamu ya vichekesho kuhusu vita vya zamani. Mimi na Neema wangu wa miezi saba tulikuwa mama na mtoto waliojificha nyuma ya kabati.

Askari wa adui anaingia kupekua nyumba. Mtoto analia.

Mwongozaji akaniambia, "Dada, mzibe mdomo kwa nguvu, watu watacheka."

Nikasema simzibi.

"Ni kuigiza tu, dada."

"Neema haigizi, kaka."

(Hapo mjue sijalala vizuri wiki nzima, Neema anaota meno.)

Mama wenzangu, semeni ukweli, nyie mngemziba?

Pembeni alikuwepo mzee mmoja, askari mstaafu. Walimwita ili vita vionekane vya kweli, na asubuhi nzima alikuwa anawarekebisha mpaka kamba za viatu.

Nikamgeukia yeye. "Shikamoo babu. Mama aliyejificha vitani angefanya nini?"

Akajibu, "Marahaba. Angemnyonyesha."

Basi nikanyonyesha. Neema akanyamaza.

Yule mwanafunzi aliyeigiza askari wa adui akaingia kwa kishindo, akatuona, akaona aibu, akageukia ukuta na kuanza kuuhoji: "Mume wako yuko wapi?"

Tulicheka wote, hata babu.

Mwongozaji akafurahi mno, akataka turudie.

Nikamwambia Neema ameshalala, vita visubiri.