Leso Niliyomchapia Mama Ulaya

Nakiri mwenyewe, maana Bofu nzima, mtaa wetu wa Likoni, wameshanicheka.

Nilikuwa nasoma sanaa Uingereza, miaka ile ya kukaribia uhuru. Tulifundishwa kuchapa vitambaa: unakata maandishi kwenye karatasi, unaibandika chini ya fremu iliyowambwa hariri, kisha unavuta wino juu yake. Nikaamua kumchapia mama leso kwa herufi za Kiarabu, ndizo anazozisoma. Nje theluji ilianguka polepole, nami kimawazo nilikuwa Likoni, nanusa asumini za nywele za mama. Katika ndoto hiyo nikaibandika karatasi kinyume. Mwalimu na wenzangu wakayasifu maandishi. Hakuna aliyejua kusoma herufi hizo, nami niliyejua sikuwapo.

Likizoni nikampa mama leso yake mbele ya shangazi na majirani. Aliikunjua, akayafuata maandishi kwa kidole: yalianzia kushoto.

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Hiki ni Kizungu?"

Akaigeuza nyuma mbele, akaiinua kwenye mwanga wa mlango, akasoma taratibu, kila mtu akisikia:

"Mama, nakuota kila siku."

"Ndiyo maana," akasema shangazi. "Aliandika usingizini."