Nilimfukuza mwalimu wa fizikia kwa muhuri wa waru

Kosa ni langu, na sitatafuta shetani wa kubeba lawama. Hata yeye angesema hii imezidi.

Niko Form Three, shule ya kutwa huku Mai Mahiu. Darasani mimi ndiye wa vichekesho. Mathe, mama yangu, ana kibanda cha chipsi kando ya barabara, wateja wake ni madereva wa malori, kwa hivyo kwetu waru, yaani viazi, hazikosi.

Mwalimu wetu wa fizikia tulimwita Mvuke, maana kabla ya kuja kwetu alikuwa fundi wa mabomba ya mvuke kule Olkaria. Alikuwa mwalimu wa bodi, yaani shule yenyewe ndiyo ilimwita siku tatu kwa wiki na kumlipa. Presha alitufundisha kwa sufuria yenye maji na kifuniko kilichowekewa jiwe. Hata mimi nilielewa, na mimi huwa sielewi kwa makusudi.

Akakosea kitu kimoja tu. Alitangaza mtihani wa Ijumaa.

Sikuwa nimesoma, nikaona nimtafutie shughuli. Nikaenda saiba, kwenye kompyuta za kulipia, nikachapa memo kama ya ofisi ya shule: walimu wote wa muda walete cheti cha ualimu na namba ya usajili kabla ya Ijumaa, asiye nazo asiingie darasani. Nikachonga waru moja ya mathe, nikaipaka wino wa kalamu, nikagonga. Maandishi hayakusomeka, lakini ni nani huwa anasoma muhuri? Jumatano asubuhi nikaibandika kwenye ubao wa matangazo.

Mvuke aliisoma akiwa na sufuria mkononi. Akaisoma tena. Nikamsogelea nikijikaza nisicheke.

"Sir, kwani wewe huna?"

"Nina diploma ya mitambo," akasema. "Ya ualimu bado."

Akanipa ile sufuria niirudishe jikoni, akatoka geti.

Ijumaa hakukuwa na mtihani. Niliwanong'oneza wenzangu ni nani wa kushukuriwa, wakanipigia makofi, nikainama kama msanii.

Wiki iliyofuata Mvuke hakuja. Ile nyingine pia. Hapo nikajua mzaha umeniponyoka. Nikaingia ofisini kwa madam principal nikamwambia yote, mpaka waru.

Nilingoja kufukuzwa. Yeye akafunga mlango.

"Mimi nilidhani ni ya deputi wangu," akasema. "Deputi naye akadhani imetoka kaunti."

"Si uitoe tu, madam?"

"Nitaitoaje? Ulichoandika ni kweli. Sheria inataka cheti na namba. Sisi wote tulijua hana, tukanyamaza kwa sababu mlikuwa mnapita mitihani. Sasa imeandikwa, wazazi wameipiga picha. Nibandike nyingine niseme cheti hakihitajiki?"

Hakuniadhibu. Adhabu ingetaka barua, na barua ingetaka maelezo. Memo yangu bado iko ukutani, imewekewa hata plastiki isilowe.

Jumamosi nikamtafuta Mvuke. Nilimpata gereji ya malori, amelala chini ya trela.

"Sir, ile memo niliandika mimi."

Akajitoa polepole, akajipangusa grisi. "Na muhuri?"

"Waru."

Alicheka mpaka turnboy, msaidizi wa dereva, akageuka kutuangalia. Kisha akajifuta macho.

"Unajua nilikuwa nimeanza kusomea huo ualimu? Masomo ya likizo. Ile kazi yenu ndiyo ilikuwa inanilipia karo."

"Sasa?"

"Sasa nimeacha. Nipe hiyo spana ya kumi na saba."

Nikampa. Akarudi chini ya trela, na mimi sikuwa na kichekesho hata kimoja.

Siku hizi fizikia inafundishwa na deputi. Alisomea CRE, somo la dini ya Kikristo, na cheti anacho, namba anayo. Anatusomea kitabu kwa sauti, akifika kwenye hesabu anasema, "Hiyo mtaipitia nyumbani." Kisheria tuko sawa kabisa. Muhula uliopita nilipata tisa kwa mia kwenye fizikia, na bado nikawa wa nne darasani.

Wewe mwenye kiherehere kama changu, mchore mwalimu wako na masikio ya punda. Atayafuta, utachapwa au utafagia darasa, maisha yaendelee. Lakini kuna mambo ambayo watu wazima wameyafumbia macho ili kazi ifanyike. Hayo yaache, usiyaandike popote, hata kwa kuchekesha. Mimi nilidhani naandika uongo. Uongo wangeutoa siku hiyo hiyo.