Mota Mpya Chini ya Kitanda

Mimi ni Mariana, mjane wa Makoye, nakaa Ibadakuli, karibu na uwanja wa ndege. Kuandika nilijifunza kwenye elimu ya watu wazima nikiwa na mtoto mgongoni, kwa hiyo herufi zangu ni kubwa na mistari inapanda mlima. Atakayesoma avumilie. Nataka kueleza mwenyewe habari ya mota, maana jirani yangu Chausiku anawaeleza watu jinsi anavyotaka yeye.

Nyuma ya nyumba nina banda la bati, na ndani yake kuna mashine ya kukereza mbao. Aliiunda marehemu mume wangu kwa vyuma vya jineri ya pamba iliyokufa kule Mhunze. Mti unaufunga katikati, mota inauzungusha kwa mkanda, wewe unashika patasi na kuuchonga unavyozunguka. Mota yake ndogo, hosipawa moja, nayo ilitoka hukohuko jineri. Nimetoa humo miguu ya vigoda na michi ya kutwangia, na siku hizi zaidi mipini ya nyundo. Mwanangu Enock yuko Geita, ndiye anayewauzia mipini hiyo wachimbaji wanaoponda mawe ya dhahabu.

Makoye alinifundisha mwaka alioanza kuumwa kifua. Watu walicheka sana. Eti mwanamke anakereza, ugali atapika nani? Nikawaambia apike mwenye njaa. Fundisho la Makoye lilikuwa moja tu.

"Mota usiiangalie, isikilize. Ikiimba, sukuma patasi. Ikilalamika, legeza mkono. Ikinyamaza, toa patasi urudi nyuma."

Na kweli, mti ukikwama, ile mota ndogo inashindwa, mkanda unaruka, kila kitu kinasimama. Miaka kumi na tisa nimekereza na vidole vyangu kumi ninavyo. Kuna fundi wa Ushetu alifunga mota kubwa. Siku mti ulipokwama mota haikusimama, ikamvuta mkono. Leo anashika kijiko kwa vidole viwili.

Basi tangu mavuno ya mwaka jana mota yangu ikaanza kupoteza sauti. Nawasha, haiimbi. Inanong'ona kama mtu anayechekecha unga nyumba ya pili. Mimi nikafanya nilivyofundishwa: ikinyamaza, toa patasi. Nasukuma kidogo, natoa. Nasukuma kidogo, natoa. Kazi ya siku moja ikawa ya siku tatu. Enock akipiga simu kuuliza mipini, namjibu mota imechoka. Nikasema sokoni, nikasema kwenye jumuiya baada ya sala, nikasema kwa yeyote aliyeniamkia. Mota ya Makoye imekufa sauti.

Chausiku akanijibu juu ya ua: "Mota imekufa sauti, lakini redio yako imefufuka. Mama Enock, taarifa ya habari tunaisikia mpaka uwanja wa ndege!"

Nikamwambia kama anaisikia bure basi ashukuru.

Enock alikuwa amekwisha kunionya, tangu Pasaka, goti langu lilipovimba. Alisema siku mwili wangu utakapogoma, banda linafungwa, nahamia kwake. Kwake Geita nimewahi kukaa wiki mbili. Mkwe wangu Nelly ni mtu mwema, simsemi vibaya, lakini hata kikombe haniachi nikiinue. Ananiweka kwenye kiti cha plastiki asubuhi, uso unatazama ukuta wa jirani. Mchana ananigeuza kufuata kivuli. Wiki mbili nimehesabu matofali ya ukuta ule. Kwa hiyo goti nikalificha, nikatembea wima, na wala sikudhani kuna kitu kingine cha kuficha.

Juzi Alhamisi Enock akatokea bila taarifa. Yuko na Herman, fundi umeme wa mtaa wetu, wamebeba boksi zito wote wawili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hilo ni nini?"

"Dawa ya kilio chako," akasema. "Hosipawa tatu. Mpya kabisa, ya fezi moja, umeme wako wa nyumbani unaibeba."

"Umeipata wapi?"

"Nimeuza pikipiki."

Ile pikipiki ndiyo inayompeleka machimboni na mzigo wa mipini. Sasa atabeba begani.

Herman ni mtu wa taratibu. Akasema kabla ya kufungua ya zamani anataka kujua ina ugonjwa gani, huenda itafaa kwa kazi nyingine. Akaiwasha. Mimi nasikia unga unachekechwa, basi. Lakini nikamwona Enock amekunja uso na kuziba sikio moja, na Herman anampigia kelele kwenye sikio la pili ili waelewane. Nikajiuliza, hawa wanapiga kelele za nini?

Herman akachukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye mota, mpini akauweka sikioni. Ndivyo mafundi wanavyosikiliza beringi, zile gololi za ndani. Akatikisa kichwa, akazima.

"Mayu, mama yangu, beringi nzima. Mota hii haina tatizo."

"Ina tatizo," nikasema. "Mimi ndiye ninayekaa nayo, si wewe."

"Basi sikia mwenyewe." Akaiwasha tena, akanipa bisibisi.

Niliinama, ncha nikaigusisha kwenye chuma. Mpini ukakosa tundu la sikio ukakaa kwenye mfupa wa nyuma yake. Loo! Mota ya Makoye ikaingia kichwani mwangu nzima nzima, ikiimba vilevile, na kule kukwaruza kidogo mwishoni kila inapozunguka, kama mtu anayesafisha koo. Nikatoa bisibisi. Unga. Nikairudisha. Inaimba. Nikafanya hivyo mara tatu, machozi yananitoka nikasema ni vumbi.

Pale pale nikakumbuka ndege. Siku hizi zinatua kimya, nami nilisema ndiyo maendeleo. Nikakumbuka redio.

Nikasimama na bisibisi mkononi, sina pa kwenda. Nikikubali mota mpya, ni ile ambayo haisimami mti ukikwama, na mimi sina tena masikio ya kuniambia nirudi nyuma. Nikiikataa, lazima niseme kwa nini. Nikisema kwa nini, nimejifungia banda mwenyewe na kupanda gari la Geita, kwenda kukaa kwenye kiti cha plastiki. Herman akanitazama kwa muda mrefu. Nadhani alijua. Akaanza kukunja nyaya zake ambazo hazikuhitaji kukunjwa.

"Haya, tufunge?" Enock akauliza.

"Kesho."

"Herman yuko hapa leo, mama. Kesho ana kazi Kishapu."

Basi mimi nikaenda nikakaa juu ya boksi la mota mpya. Nikakunja mikono.

"Mama, ondoka hapo."

"Siondoki."

"Mama!"

"Nimechoka kusimama. Mtu haruhusiwi kukaa kwake?"

Chausiku alikuwa ameshafika kwenye ua, maana akinusa ugomvi hachelewi. "Jamani njooni muone, Mama Enock anaatamia mota! Ataangua lini tuje na zawadi?"

Herman akacheka akageukia ukuta. Enock hakucheka. Alichuchumaa mbele yangu, uso wake na wangu, kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo akiomba nauli ya kwenda kwa shangazi yake.

"Wewe ndiye uliyesema. Miezi yote hii mota imechoka, mota imekufa. Nimeuza pikipiki kwa maneno yako. Leo fundi anasema nzima, na mpya hutaki. Niambie mbele ya Herman. Ulikuwa unanidanganya?"

Mimi nimeitwa mengi. Mkaidi, sawa. Mchoyo wa patasi, sawa, patasi yangu simpi mtu. Mwongo sijawahi kuitwa na mtu yeyote, wala na mama mkwe wangu aliyekuwa hakosi neno. Kuliko mwanangu aniite mwongo, heri aniite kiziwi.

"Sikukudanganya," nikasema. "Nilisema nilichosikia. Mota nzima. Masikio yangu ndiyo yamechoka, na nimejua sasa hivi, kwa bisibisi hii. Na hiyo hosipawa tatu ikifungwa hapa itanikata mkono kabla sijajua kama imewaka. Umeridhika?"

Banda likawa kimya, na hicho kimya kilikuwa cha wote, si changu peke yangu. Hata Chausiku.

Enock hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliinuka, akaenda kwenye mashine, akautoa mkanda kwenye mapuli taratibu, akaukunja kama mtu anavyokunja mshipi, akautia mfukoni mwa koti.

"Jumamosi nakuja na gari. Unaenda kupimwa masikio Geita."

"Na baada ya kupimwa?"

"Tutaona."

"Mkanda utaniletea?"

"Tutaona, mama."

Mota mpya akaiacha, hakuwa na cha kuibebea. Tuliisukuma mimi na Herman mpaka chini ya kitanda changu. Usiku nikigeuka naigonga kwa kisigino.

Herman, alipokuwa anaondoka, alisahau bisibisi yake juu ya mashine. Mtu wa taratibu kama yule hasahau vitu. Jana asubuhi na leo naingia bandani, nawasha, naweka mpini mfupani. Mota inaimba, inazunguka peke yake, haizungushi kitu. Nasikiliza mpaka nahisi mkono wa kulia unatafuta patasi, ndipo nazima.

Siwezi kusema mwanangu amekosea. Ningekuwa mimi ningeutoa huo mkanda mapema zaidi. Lakini kukaa namna hii siwezi pia. Ijumaa, kabla jua halijawa kali, nikaenda kwa wachinjaji nikapata kipande kirefu cha ngozi ya ng'ombe, ya mgongoni, ambayo hailegei ovyo. Kabla ya mikanda ya dukani Makoye alikata ya ngozi. Nimeiloweka, nimeikwangua manyoya, nimeikata upana wa vidole vitatu. Chausiku akauliza harufu hii ya nini, nikamwambia ukweli.

"Na Enock je?" akauliza, mdomo kwenye sikio langu.

"Enock hajaniuliza."

Leo ndiyo Jumamosi. Nimevaa kitenge kizuri, begi liko mlangoni. Gari bado halijafika, au limefika sijalisikia, nitaliona tu. Ule ukanda wa ngozi nimeuning'iniza kwenye boriti ya banda na jiwe la kusagia nimelifunga chini yake, uvutike ukikauka ili usije kupinda. Unahitaji siku sita, saba. Mlango wa banda nimeufunga kwa kufuli, na ufunguo nimeuvaa shingoni pamoja na rozari, chini ya gauni, mahali ambapo mwanangu hawezi kutia mkono.