Taa ya Freha

“Taa ya baba yako haitazimika hata dakika moja mimi nikiwa hai.” Ami Makhlufi alimwambia Solika maneno hayo mbele ya sinagogi zima, siku ya kumwombea marehemu baba yake, akijipiga kifua kama anagombea ubunge. Solika akalia, akarudi zake Paris. Sisi majirani wa Mellah, mtaa wa zamani wa Wayahudi, tuliokuja kuwapa pole tukaitikia kwa heshima. Kuitikia ni bure.

Hiyo ilikuwa kabla ya ukame. Mizeituni ikakauka, mafuta yakauzwa kama manukato. Ami ndiye mtunzaji wa sinagogi, na taa za marehemu ziko mikononi mwake: bilauri zinazoning'inia kwa minyororo, kila moja na jina la mtu. Chini hutiwa maji, juu mafuta. Kila wiki maji yakapanda, mafuta yakapungua. Zikaanza kuzimika, kwanza za waliosahauliwa, halafu za wenye wajukuu, halafu hata ya baba yake Solika. Ikabaki moja, ya Freha, marehemu mke wa Ami.

Nilimshauri atie mafuta ya alizeti, nani atanusa. Akanikazia macho. “Mwanangu, mke wangu si chipsi.”

Nikamwambia basi awaombe mchango watalii ninaowaleta kutazama sinagogi. Akasema alishawatangazia wote kwamba hapa haombwi mtu hata senti. Kwa majigambo, Ami ni tajiri.

Jumatatu Solika akapiga simu. Yuko stesheni, anakuja na watoto waione taa ya babu yao.

Ami alinituma mbio kwa muuza mafuta. Nilirudi na chupa tupu na salamu: mkopo umekwisha. Akavuta kiti, akapanda. Akawasha utambi wa baba yake Solika kwa moto wa Freha. Kisha akaishusha bilauri ya mkewe, akamimina mafuta polepole kwenye ile nyingine, bila kumwaga tone, mpaka moto wa Freha ukafa.

“Niwie radhi, Freha,” akasema. “Wageni wanaingia.”

Solika alisimama chini ya taa ya baba yake, akalia tena. Watoto wakapiga picha. Halafu akanyoosha kidole. “Ami, na hii inayofuka moshi ni ya nani?”

“Ya mama mmoja. Hana watu.”

“Maskini,” akasema Solika.

Nikawaonyesha watoto njia ya kutokea.

Walipoondoka nilimwambia Ami ayarudishe mafuta, hakuna atakayejua. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti, bilauri ya mkewe mapajani, anaifuta masizi kwa mkono wa shati.

“Ya baba yake Solika niliiapia mbele ya watu,” akasema. “Freha sikuwahi kumwahidi kitu.”

Taa ya baba yake Solika ilizimika yenyewe kabla ya magharibi.

Lita moja ya mafuta ya zeituni ni dirhamu mia moja na ishirini.